Barabara za Buha na Milima Iliyokatwa

Lugha yetu inavyo vitenzi vinne vya kueleza jinsi barabara inavyopatikana, na vyote vinne vimepata kutumika katika nchi ya Waha. Njia hukanyagwa, barabara hulimwa, ikishalimwa huchongwa, na penye mlima, mlima hukatwa ili barabara ipite. Wasemaji wa siku hizi huvichanganya vitenzi hivi pasipo kujali, na katika mazungumzo hapana madhara. Katika historia madhara yapo. Kila kitenzi kina upana wake wa barabara, na kila upana una kimo chake cha mkato. Kimo kikipita kiasi, udongo uliokuwa ukisimama miaka arobaini huanguka kwa usiku mmoja. Nataka kuifuata njia ya vitenzi hivi katika Kibondo na Kasulu, maana naona kwamba mengi yanayolaumiwa juu ya mvua, au juu ya uzembe wa makandarasi, asili yake ni mabadiliko haya.

Buha ni nchi ya juu. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kiasi cha meta 770 juu ya bahari, na mtu akitoka ziwani kupanda kuelekea Manyovu hujikuta amepita meta 1,500 kabla hajaukaribia mpaka wa Burundi. Mashariki na kusini nchi hiyo inashuka katika mabonde ya Malagarasi na vijito vyake. Zamani za Mwami ilikuwa milki kadhaa, Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo. Waingereza wakaifanya wilaya. Na mwaka wa 2012 Buhigwe ilitengwa na Kasulu, na Kakonko ikatengwa na Kibondo. Mvua huanza mwishoni mwa Oktoba na haikomi kabisa mpaka Mei. Kwa hiyo ardhi ya huko haipati mapumziko katikati ya mwaka kama ipatavyo ardhi ya pwani, yenye vuli na masika. Hunywa maji miezi saba mfululizo, kisha hukauka ikapasuka.

Katika nchi ya namna hiyo njia ya mguu hupenda mgongo wa kilima. Mgongoni ni pakavu, mabondeni ni matope na mafunjo. Mchukuzi mwenye mzigo kichwani hupanda mteremko ambao gari haliuwezi, na haitaji mtu amkatie mlima; miguu ya waliomtangulia imekwisha kumtengenezea. Hata hivyo misafara mikubwa ya Ujiji haikuipenda Buha. Burton na Speke, waliofika Ujiji Februari 1858, walifuata upande wa Malagarasi na Uvinza. Stanley alipokwepa vita vya Mirambo mwaka wa 1871 alilazimika kupita katika Buha, akatozwa hongo mara baada ya mara, hata akaamua kuondoka na msafara wake usiku, kimya kimya, kando ya njia iliyozoeleka, ili asitozwe tena. Kisa hicho husimuliwa kwa sababu ya Livingstone aliyemkuta Ujiji. Mimi nakitaja kwa sababu nyingine: njia iliyokanyagwa mtu aweza kuiacha. Barabara iliyokatwa ubavuni mwa mlima haiachiki. Juu yake kuna ukuta na chini yake kuna shimo, na ikizibwa mahali pamoja imezibwa yote.

Wajerumani nao waliizunguka Buha. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka wa 1914 ilipita Uvinza, bondeni, kwa kuwa garimoshi haliwezi kupanda kama mtu. Baada yao wakaja Wabelgiji tangu mwaka wa 1916, kisha Waingereza tangu mwaka wa 1921, na katika miaka yote hiyo nchi ya juu ilitazamwa zaidi kama ghala ya watu kuliko kama mahali pa kupeleka kitu. Waha walishuka kuifuata reli, wakaenda mkonge wa Tanga wakawa manamba. Barabara zilizolimwa nyumbani kwao zilikuwa za kukusanyia kodi na watu, na za kufikia makazi ya kuepuka malale ambamo watu walikusanywa katika miaka ya 1930. Nasema zililimwa kwa sababu zililimwa kweli, kwa jembe, na mara nyingine na watu waliokosa fedha za kodi wakailipa kwa kazi.

Jembe lina hekima moja ambayo buldoza haina: halichimbi zaidi ya haja. Mtu anayelima barabara kwa mikono yake hutafuta mahali penye kazi ndogo, akazunguka jiwe, akafuata mgongo, na ikimbidi kuingia ubavuni hukata kiasi cha gari moja tu kupita. Ukuta aliouacha ulisimama karibu wima, mwekundu, na watu wa vijiji vya jirani wakakua wakiuona umesimama. Ndipo ikazaliwa itikadi, ambayo nimeisikia kwa wazee na kwa vijana pia, kwamba udongo mwekundu wa Kasulu hauanguki ukikatwa wima. Itikadi hiyo si ya uongo; ni ya kweli kwa ukuta ule waliouona. Tuipime.

Natuchukue, kwa mfano, ubavu wa kilima unaopanda kwa nyuzi 30. Tulaze juu yake barabara ya upana wa meta 4, yote ikae juu ya ardhi iliyokatwa wala si juu ya kifusi, na ukuta wa mkato tuuache karibu wima, yaani urudi nyuma meta moja kwa kila meta nne za kupanda. Kimo cha ukuta huo kitakuwa meta 2 na sentimeta 70. Sasa tuipanue barabara iwe meta 8, magari mawili yapishane. Ukuta ule ule wa karibu wima utafika meta 5 na sentimeta 40. Tukiona hatari tukaulaza, urudi nyuma meta moja kwa kila meta moja, hautapungua kimo, utaongezeka: utaufuata mlima juu mpaka karibu meta 11. Tukiulaza zaidi, meta moja na nusu kwa kila meta moja, utapanda zaidi ya meta 34. Na tukizidi kidogo hapo mkato hautakutana na uso wa kilima kamwe, kwa kuwa vyote viwili vitakuwa vinapanda sambamba. Mwanafunzi aliyezoea kusikia kwamba usalama ni kulaza ukuta na azifanye hesabu hizi mwenyewe kwa penseli. Katika nchi tambarare ushauri huo ni mwema. Katika ubavu mkali humla mlima wote.

Kwa nini basi ukuta wa meta 2.70 usimame na wa meta 5.40 uanguke, na udongo ni mmoja? Jibu lilianza kuandikwa Paris mwaka wa 1773, pale mhandisi wa jeshi la Ufaransa, Coulomb, alipoonyesha kwamba udongo husimama kwa nguvu mbili: msuguano wa chembe zinapogandamizana, na mshikamano wa chembe zenyewe. Mshikamano ndio unaouwezesha udongo kusimama wima, lakini una mpaka. Tuseme udongo wetu una uzito wa kilonewtoni 18 kwa kila meta ya ujazo, na mshikamano wa kilonewtoni 25 kwa kila meta ya mraba. Tukiuhesabu mshikamano peke yake, ukuta wa wima wa udongo huo utajibeba mpaka kimo cha meta 5 na nusu hivi, usiende zaidi. Mvua zikaja, ukalowa, na mshikamano ukashuka mpaka 15. Mpaka wake sasa ni meta 3 na sentimeta 30. Tazama lililotokea: ukuta wa babu ungali umesimama, mkavu au umelowa. Ukuta mpya ulisimama kiangazi chote, ukakaguliwa, kazi ikakabidhiwa, na mwezi wa pili wa mvua ukalala barabarani. Hesabu hizi ni za mfano, na mhandisi ataupima udongo wa mahali hasa kabla ya kusema neno; lakini sura ya jambo ndiyo hiyo.

Wataalamu wenyewe walichukua muda mrefu kulielewa jambo la maji. Collin wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka wa 1846, alionyesha kwamba udongo wa mfinyanzi ukiporomoka hukatika ndani kwa mstari uliopinda, wala hauanguki kama ubao. Kazi yake ikasahauliwa. Baada ya maporomoko ya reli na bandari za Sweden, Wasweden walianza kuzihesabu duara hizo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka wa 1925 Terzaghi akaeleza kwamba maji yaliyojaa kati ya chembe hubeba sehemu ya uzito, na kwa kadiri yanavyoubeba ndivyo msuguano unavyopungua. Maana yake katika Buha ni nyepesi kusema: ukuta unaweza kuanguka siku isiyo na mvua, ikiwa maji ya wiki tatu zilizopita yamefika sasa nyuma yake. Wanakijiji hushangaa, lakini mlima una kalenda yake.

Wala mlima si udongo mtupu. Chini ya ardhi ya Kasulu na Manyovu kuna mawe ya kale sana, mawe ya mchanga na ya tope yaliyolala kwa matabaka, mahali pengine mekundu, na mahali pengine kuna mwamba wa zaha ambao ukioza hutoa ule udongo mwekundu unaopendwa na kahawa. Matabaka yakiinama kuelekea ndani ya mlima, mkato hushika. Yakiinama kuelekea barabarani, hasa penye ganda la mfinyanzi kati ya tabaka na tabaka, mkato umelikata lile lililokuwa likiyazuia yasiteleze, na hapo hata ukuta uliolazwa hautoshi. Ndiyo sababu katika bonde moja ubavu huu ukaanguka na ule wa pili ukashika, ingawa ulikatwa na mtambo mmoja na dereva mmoja.

Katika mila ya Buha alikuwapo mteko, mwenye madaraka ya ardhi ya mahali, ambaye shughuli za mashamba na mipaka zilipitia mikononi mwake. Waingereza walitawala kwa mkono wa Mwami na watwale wake, na mteko hakuwa na kiti katika utaratibu huo. Sidai kwamba wateko walijua elimu ya miamba. Nasema tu kwamba mhandisi anayepima kilima huanza kwa kutafuta alama: miti iliyopinda mashina, uso wa ardhi wenye mawimbi, chemchemi inayotokeza katikati ya ubavu, shamba lililoshuka ngazi moja bila kuchimbwa. Zote ni habari ambazo mkulima wa mahali anazo tayari, pamoja na mwaka wa kila tukio, na kupima pasipo kumwuliza ni kulipa ghali kwa kitu kinachopatikana kwa salamu.

Sasa nifikie jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mengine yote. Mwaka wa 1972 ilianza Operesheni Kigoma. Watu waliokuwa wametawanyika vilimani, kila mji na mashamba yake, walihamishwa wakapangwa katika vijiji, na vijiji vikapangwa kando ya barabara ili shule, zahanati na lori la mazao viwafikie. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Kigoma ilikuwa imekwisha kutangulia. Kwa historia ya barabara maana yake ni hii: ubavu wa kilima, uliokuwa na migomba michache na majani, ukawa na nyumba juu ya barabara na nyumba chini ya barabara. Maji ya paa, ya uwanja na ya vyoo yakaanza kuingia ardhini mahali pale pale ambapo siku moja mkato ungefanywa.

Ikaja Sheria ya Barabara ya mwaka wa 2007. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, iliyokuwa meta 22 na nusu kila upande kutoka katikati, ikawa meta 30. Kiswahili cha mitaani kikapata msemo wake: je, wewe umeifuata barabara, au barabara imekufuata? Aliyeifuata halipwi, aliyefuatwa hulipwa. Na nyumba zikaandikwa X, nyekundu kwa asiyestahili fidia, ya kijani kwa anayestahili. Msemo huo ni mfupi na una haki ndani yake, kwa yule aliyejenga kibanda cha biashara ukingoni akijua anachofanya. Lakini mtu wa kijiji cha Operesheni tumwulize nini? Hakuifuata barabara, wala barabara haikumfuata. Alipelekwa kwenye barabara na serikali, kwa lori, pamoja na watoto na mtama wake. Kitenzi kinachomfaa ni cha kutendwa, na msemo haukukiweka.

Turudi kwenye hesabu yetu, tuone jinsi mambo haya mawili yanavyokutana. Barabara ya meta 8 katika ubavu wa nyuzi 30, mkato wa moja kwa moja: ukingo wa juu uko meta 15 kutoka katikati ya barabara, ndani ya hifadhi, na nafasi ya mfereji ipo. Mkato wa moja na nusu kwa moja: ukingo wa juu uko meta 56, yaani meta 26 ndani ya shamba la mtu. Kwa hiyo mhandisi anapochora mstari wa ukuta anachora pia mstari wa fidia, atake asitake. Akiusimamisha ukuta, ameokoa fedha za fidia na kumwachia mwenye nyumba ya juu hatari isiyoandikwa popote. Akiulaza, amemlipa mtu na kumwondoa. Katikati kuna njia ya kukata ukuta kwa ngazi, kila ngazi ikiinama kidogo ndani na kuwa na mtaro wake. Au kuujengea mguu wake kwa mawe yaliyofungwa katika nyavu za waya, ambayo yana faida ya kupitisha maji. Au kuihamisha barabara yenyewe irudi mgongoni, ambako watu wa kale waliipitisha. Njia hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda, nami nakiri kwamba ni rahisi kuipenda kwa asiyeendesha lori la tani 30.

Malori hayo yalizidi baada ya Oktoba 1993, vita vya Burundi vilipowamwaga wakimbizi Kibondo na Kasulu, na zaidi baada ya mwaka wa 1996 walipokuja wa Kongo. Chakula cha Nduta, Mtendeli, Kanembwa, Mtabila na Nyarugusu kilipita juu ya barabara za udongo, na siku ambazo kifusi kilizijaza mitaro, maji yakahamia katikati ya njia, hayakuwa masumbuko ya wenyeji peke yao.

Mwaka wa 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, kiasi cha kilomita 260, iliyogawanywa vipande vinne. Katika mpango ule ule imo barabara ya Burundi ya Gitaza hadi Rumonge, kilomita 45, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kuwekwa pamoja kwa barabara hizi mbili kuna funzo. Gitaza iko chini ya milima mikali inayoangukia ziwani, na mwishoni mwa Machi 2015 matope yaliporomoka pale, yakaua watu na kuifunga barabara. Vilima vya Kasulu ni vya upole kuliko vile, na hatari yake ni ya namna nyingine: si mlima mzima kuja chini, bali kuta nyingi ndogo kuanguka kidogo kidogo, kila mwaka, juu ya mtaro. Mtaro ukizibwa maji hupita juu ya lami, yakaula ukingo wa chini, na barabara ikakatika upande ambao haukukatwa na mtu.

Upande huo wa chini hausemwi vya kutosha. Katika mfano wetu, barabara ya jembe ya meta 4 ilitoa meta za ujazo 5,400 za udongo kwa kila kilomita. Barabara ya meta 8 yenye ukuta wa moja kwa moja hutoa kama 43,700. Upana umezidi mara mbili, kifusi mara nane. Kinakwenda wapi? Mkandarasi mwenye haraka hukisukuma chini ya barabara, na pale hukaa kilegelege juu ya majani yaliyolazwa, juu ya shamba la mihogo, juu ya chemchemi ya kijiji. Mvua za kwanza hukichukua. Mkataba unaotaja kwa jina mahali pa kukimwaga kifusi, na bei ya kukisafirisha, umefanya kazi kubwa kuliko ukuta wa saruji.

Juu ya majani na miti liko tukio la Mgeta, katika milima ya Uluguru. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya kiasi cha milimita 100 ilinyesha kwa muda usiozidi saa tatu, na maporomoko madogo zaidi ya 1,000 yakatokea. Temple na Rapp, waliolichunguza wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa kichanga, waliona kwamba karibu yote yalianza mashambani na katika majani ya malisho. Msituni karibu hayakuwapo. Mizizi ya miti hushona udongo wa juu na ule wa chini. Basi mkato wa barabara usipandwe ua la kupendeza macho wiki ya sherehe, bali nyasi zenye mizizi mirefu, na juu ya ukingo miti iachwe.

Limebaki lile la mfereji wa juu, ule unaochimbwa nyuma ya ukingo ili maji ya kilima yasifike kwenye uso wa mkato. Katika michoro hauachwi. Ukishachimbwa hauonekani kutoka barabarani, na kisichoonekana kutoka ndani ya gari la mkaguzi hakina msemaji. Ukijaa majani na udongo, hugeuka kuwa birika refu linalomimina maji taratibu nyuma ya ukuta, na hapo ingekuwa heri usingechimbwa. Mfereji huo hupita katika shamba la mtu wa kijiji, naye ndiye anayeuona kila siku. Kuusafisha kunataka jembe, koleo na watu wachache wa kijiji hicho kwa siku kadhaa kila Septemba, kabla ya mvua za Oktoba, na majina yao yaandikwe katika daftari ya malipo.